Shajara ya mradi: kadi za kutambua mijusi wa nyika kavu, tukianza na Heliobolus spekii

Mradi huu wa Nairobi unatengeneza kadi za mkononi, ukubwa wa A5, pande mbili. Zinakusudiwa kumsaidia askari wa wanyamapori, mwalimu au mwanafunzi kumtambua mjusi aliyemwona Chalbi, Turkana, Wajir au Garissa bila kubeba hadubini. Kadi ya kwanza ni ya Heliobolus spekii, mjusi mwembamba wa mchanga mwenye mistari mgongoni, anayekimbia mchana kutwa kati ya kichaka na kichaka. Shajara inaandika kazi ilipofikia, kilichobadilishwa na kwa nini.

Februari: ukoo na majina

Tumeanza na majina kwa sababu lebo za zamani zimejaa majina yasiyotumika tena, na asiyejua hilo atahesabu spishi moja mara mbili. Mjusi wetu alielezwa na Albert Günther mwaka 1872 kwa jina la Eremias spekii, kwa heshima ya John Hanning Speke, yule mpelelezi wa chanzo cha Nile. Enzi hizo Eremias ilikuwa ghala: kila mjusi mwembamba wa mchanga alitupwa humo, awe wa Asia au wa Afrika. Leo Eremias imebaki na mijusi wa Asia na mashariki mwa Ulaya, na wale wa Afrika wamegawanywa katika Heliobolus, Pseuderemias, Meroles, Pedioplanis na nyinginezo.

Kwa hiyo jina kamili kwenye kadi ni Heliobolus spekii (Günther, 1872), na mabano yana kazi. Yanaeleza kwamba mwandishi wa kwanza alimweka mjusi huyu katika jenasi nyingine. Linganisha na Agama lionotus Boulenger, 1896, yule mjusi wa mwamba ambaye dume lake lina kichwa chekundu: huyu hajahama jenasi, hivyo hana mabano. Mhariri wa lugha asiyezoea utaratibu huu huyafuta akidhani ni pambo. Maagizo ya kuyaacha yameandikwa juu ya faili lenyewe.

Ngazi za uainishaji nyuma ya kadi ni fupi: oda Squamata, familia Lacertidae, nusufamilia Eremiadinae, jenasi Heliobolus Fitzinger, 1843. Ngazi za katikati tumeziacha. Mtu aliyesimama juani hana haja nazo.

Orodha ya kubadilisha majina ya lebo imekamilika. Machache yanayojitokeza mara nyingi: Mabuya wa Afrika sasa ni Trachylepis, tangu 2003. "Agama agama" aliyeandikwa kutoka Kenya aghalabu ni Agama lionotus. Ziwa Rudolf ni Turkana tangu 1975, ingawa jina la kale limebaki ndani ya majina ya spishi, mfano Philochortus rudolfensis, na huko halibadilishwi kamwe. "N.F.D." ni wilaya ya mpakani ya kaskazini ya enzi za ukoloni, eneo kubwa mno kuwekwa kama nukta moja kwenye ramani, vielelezo vyenye anwani hiyo pekee vinatumika kwa maumbo tu, si kwa ramani.

Lebo ya zamani haiondolewi chupani. Mpya inaongezwa kando yake, kwa penseli au wino usioyeyuka katika ethanoli. Wino wa biro huyeyuka, na baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe ndani ya maji ya buluu.

Mwisho wa Februari: mahali

Safu ya mahali kwenye lahajedwali imetafuna muda kuliko tulivyokadiria. Kenya imekatwa na ikweta, na hapo ndipo kosa la kwanza hujificha. Garissa iko takriban 0.45 kusini, ukisahau alama ya kutoa, mjusi wa Garissa anaruka kaskazini ya ikweta na nukta bado inaangukia nchi kavu yenye mjusi huyohuyo, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. North Horr, iliyo karibu na nyuzi 3.3 kaskazini, ikipewa alama ya kutoa inaangukia nje ya nchi, Tanzania. Hiyo angalau inaonekana.

Kosa la pili ni la gridi. Longitudo 36 ndiyo mpaka wa kanda za UTM, gridi ya dunia inayoeleza mahali kwa mita: Lodwar iko kanda ya 36, Marsabit kanda ya 37. Namba za UTM bila kanda ni nusu ya anwani. La tatu ni ramani za zamani za Kenya, zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Namba zake zikisomwa kama WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, mahali panasogea kama mita 300. Kwa mjusi wa tambarare si kitu. Kwa mjusi wa mwamba mmoja katikati ya mchanga, mita 300 ni makazi mengine kabisa.

Lahajedwali nayo ina ukorofi wake: ukiandika "8-10" kama idadi ya magamba, inageuza kuwa tarehe, na namba ya kielelezo inayoanza na sifuri inapoteza sifuri hiyo. Safu zote za hesabu na namba za usajili ziwekwe kama maandishi kabla ya kuingiza chochote. Ukibadilisha baadaye, tarehe haigeuki kurudi kuwa hesabu. Inageuka namba ndefu isiyo na maana.

Machi: benchi la vipimo

Ethanoli ya kuhifadhia ni asilimia 70. Kutoka ile ya asilimia 96, pima mililita 729, kisha jaza maji yaliyochujwa kwa mvuke hadi lita 1. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi isitumike hata kama ni nafuu: rangi huingia kwenye magamba ya tumbo, na tumbo ndilo tunalolisoma. Kwa kielelezo kipya, kipande cha ini au msuli hukatwa kwanza na kuwekwa katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ndipo mwili uingie fomalini ya asilimia 10 (sehemu moja ya fomalini ya dukani, sehemu tisa za maji). Fomalini huharibu DNA, kwa hiyo mpangilio huo haugeuzwi. Kukusanya vielelezo kunahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na idhini ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya). Kadi zenyewe zimeundwa ili mtumiaji asihitaji kukusanya chochote.

Urefu wa mwili hupimwa kutoka ncha ya pua hadi ukingo wa mbele wa tundu la haja, mjusi akiwa chali, amenyooshwa bila kuvutwa. Kielelezo kilichogandishwa kikiwa kimejikunja hakinyooshwi kwa nguvu. Mgongo huvunjika na kipimo kinakuwa kirefu kwa uongo. Hicho kinawekwa alama ya "kimejikunja" na hakiingii kwenye wastani. Watu wawili wanapima kila kielelezo bila kuoneshana namba. Wakitofautiana zaidi ya milimita 0.5, wote wanarudia. Vielelezo vya ethanoli hunywea, hivyo vipimo vya mjusi hai na vya chupani vina safu zake tofauti.

Mkia ndio mtego mkubwa. Mijusi wa Lacertidae hukata mkia wenyewe, na kila pingili inayokatika ina mstari dhaifu katikati yake ulioandaliwa kwa kazi hiyo. Mkia unaoota upya hauna pingili za mfupa ndani, una fimbo ya gegedu. Nje, angalia pale magamba yanapobadilika ghafla: pete zilizopangika zinageuka kuwa magamba madogo ya aina moja, na mistari ya mwili inakoma kana kwamba imefutwa. Uwiano wa mkia na mwili ni muhimu kumtenga Latastia longicaudata, ambaye mkia wake kamili huzidi urefu wa mwili mara mbili. Tuseme mwili ni milimita 60 na mkia 135: uwiano ni 2.25, na Latastia anaingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Mjusi huyohuyo akiwa na mkia ulioota upya wa milimita 70 anaonekana mfupi wa mkia, na anayesoma uwiano peke yake atampeleka kwingine. Kwa hiyo kwenye fomu, kisanduku cha "mkia: kamili / umeota upya / umekatika" kiko kabla ya kisanduku cha urefu, na kikiachwa wazi urefu haupokelewi.

Agama ni habari nyingine. Hawana mstari dhaifu ndani ya pingili. Mkia wao ukikatika hukatikia kati ya pingili na pingili, mara nyingi kwa kung'atwa.

Hesabu za magamba zinafanyika chini ya hadubini ya ukuzaji mara 10 hadi 20. Kielelezo kikitoka chupani kinang'aa na huoni kitu. Kikaushe juu juu kwa karatasi ya shashi, subiri filamu ya ethanoli ipotee, kisha lete taa kutoka ubavuni, chini kabisa, ili kila gamba litupe kivuli chake. Chomeka pini nyembamba kwenye trei ya nta kando ya gamba unaloanzia, maana macho yakitoka kwenye lenzi mara moja umepotea. Kikianza kukunjamana, kirudishe.

Tunahesabu yafuatayo: safu za vibamba vya tumbo, kwa kupita upande hadi upande katikati ya tumbo, vitundu vya paja, kulia na kushoto kila upande na safu yake, na vibamba vya chini ya kidole cha nne cha mguu wa nyuma. Safu ya nje kabisa ya tumbo ndiyo inayozua ubishi, kwa sababu vibamba vyake ni vidogo na vinakaribia kuwa magamba ya ubavuni. Kanuni tuliyoweka: kinahesabiwa kama upana wake ni nusu ya jirani yake au zaidi. Kanuni hiyo ingeweza kuwa nyingine. Lililo la lazima ni iwe moja kwa mradi mzima na iandikwe kwenye kadi.

Vitundu vya paja kwa dume huwa vimejaa ute mkavu kama nta na vinaonekana kwa macho matupu. Kwa jike ni vidogo, na mwanagenzi huandika "havipo". Pitisha ncha ya pini butu chini ya paja, kutoka goti kuelekea tundu la haja: gamba lenye kitundu lina kishimo ambamo pini inasita kidogo.

Machi, majuma ya mwisho: rangi

Rasimu ya kwanza ya kadi ilianza na rangi, kama zinavyofanya kadi nyingi. Imeshushwa hadi mwisho, na huu ndio uamuzi mkubwa wa mradi mpaka sasa: sifa zipangwe kwa uimara wake, si kwa jinsi zinavyovutia jicho.

Ethanoli huyeyusha njano na nyekundu za asili ya karotenoidi, na rangi nyingine za aina hiyo hufifia nazo. Buluu haitokani na rangi bali na jinsi ngozi inavyopasua mwanga, nayo huharibika muundo ukibadilika. Kinachodumu ni weusi wa melanini. Matokeo yake dume la Agama lionotus, ambalo pale Hell's Gate linawaka kichwa chekundu na mwili wa buluu, chupani ni mjusi wa kijivu. Mistari ya Heliobolus spekii inabaki kwa sababu ni tofauti ya weusi na weupe.

Hata akiwa hai rangi haishikiki. Agama akiwa na baridi asubuhi ni mweusi-mweusi. Akipata joto anang'aa. Dume likitishwa linafifia. Jike na mtoto hawana nyekundu ile. Katika jenasi Heliobolus kwenyewe upo mfano mkali zaidi: H. lugubris wa Kalahari. Watoto wake ni weusi wenye madoa meupe, na hutembea kwa kushtuka-shtuka wakiwa wamepinda mgongo, wakiiga mbawakawa wa jenasi Anthia wanaorusha asidi. Wakikua wanachukua rangi ya mchanga na kutembea kama mijusi. Huey na Pianka walieleza jambo hilo mwaka 1977. Kadi inayoanza na rangi ingewagawa kuwa spishi mbili, tena kwa ujasiri.

Aprili: ufunguo

Mpangilio mpya wa maswali, kila moja na jibu la ndiyo au hapana, umekamilika. Ulitungwa ili mtu aanze na mjusi yeyote wa nyika kavu na kufika Lacertidae, kisha jenasi.

Kwanza kope. Mjusi asiyefumba jicho, aliye na kioo kisichosogea mbele ya jicho, ni wa kundi la mijusi wa ukutani, mfano Hemidactylus au Lygodactylus. Swali la umbo la mboni limeondolewa: Lygodactylus hutembea mchana na mboni yake ni duara, hivyo "mboni wima" inawaacha nje. Tahadhari ni Holodactylus africanus wa usiku, mwenye ngozi laini ya punje na mkia mfupi mnene. Huyu ana kope zinazofumba na vidole visivyo na pedi, kwa kuwa ni wa Eublepharidae, familia ya mijusi wa kundi hilo wenye kope. Amepewa mstari wake.

Pili, utosi. Magamba makubwa yaliyopangika kwa ulinganifu kama vigae, au punje ndogo ndogo? Punje ndogo na mwili wenye magamba yaliyochongoka: Agama. Punje ndogo, ulimi wa pacha kama wa nyoka na mwili mkubwa: kenge, Varanus. Vigae vikubwa: endelea.

Tatu, tumbo. Kama magamba ya tumbo na ya mgongo yanafanana, yote ya mviringo, laini, yakipandana kama ya samaki, huyo ni wa Scincidae, kwa kawaida Trachylepis, na hana vitundu vya paja. Kama tumbo lina vibamba vya mraba vilivyopangwa safu, tofauti kabisa na mgongo, endelea.

Nne, ubavu. Swali hili lilikosekana mwanzoni na ufunguo ukavuja hapo, kwa sababu mijusi wa familia ya Gerrhosauridae nao wana vigae kichwani, vibamba tumboni na vitundu pajani. Lakini wana mkunjo mrefu ubavuni, kutoka shingoni hadi nyongani, uliojaa magamba ya punje. Ukifunua mkunjo huo kwa ncha ya kalamu, swali limekwisha. Asiye na mkunjo ni Lacertidae.

Ndani ya Lacertidae ndipo mkia, mkuku wa magamba ya mgongoni (ukingo mwembamba ulioinuka katikati ya gamba) na mistari vinapopata nafasi, kwa pamoja. Heliobolus spekii: magamba ya mgongo yenye mkuku unaoonekana waziwazi taa ikiwa ubavuni, mistari myeupe ya urefu juu ya mgongo wa rangi ya giza. Latastia: mkia kamili unaozidi mwili mara mbili. Pseuderemias, ambaye kaskazini mwa nchi anawakilishwa na P. smithii, anaingia ukurasa wa pili pamoja na Philochortus. Kadi inamfikisha mtumiaji kwenye jenasi, na picha ya tumbo na paja inamsaidia mtaalamu kumaliza.

Meno yalizingatiwa na kuachwa. Ni sifa bora ya kutenga Agama: meno yao mengi yameota juu ya ukingo wa taya na hayabadilishwi, ilhali ya Lacertidae yameegemea upande wa ndani. Lakini taya la kielelezo kikavu likifunguliwa kwa kijiti linachanika pembeni, na mjusi hai halazimishwi. Meno yamebaki kwenye maelezo ya nyuma, kwa mfano mmoja: Moloch horridus wa Australia na Phrynosoma wa Amerika Kaskazini wote ni bapa, wana miiba, wanakula sisimizi kwa wingi, na ukiwaweka pamoja utaapa ni ndugu. Moloch ni wa Agamidae; Phrynosoma si wa familia hiyo, na meno yanathibitisha. Vivyo hivyo matamvua ya magamba pembeni mwa vidole: yapo kwa Acanthodactylus wa Sahara, kwa Meroles wa Namib na kwa Uma wa Marekani, ambaye si wa Lacertidae hata kidogo. Mchanga huzaa umbo lilelile kwenye koo mbalimbali. Ndiyo sababu hakuna swali la "je, ana vidole vya mchangani?" popote kwenye ufunguo.

Mei: picha na chapa

Picha za tumbo zinapigwa kupitia kisanduku angavu cha chakula, rula ikiwa imebandikwa chini yake. Mjusi anawekwa ndani, kisanduku kinainuliwa kivulini, simu inapiga kutoka chini: vibamba, vitundu vya paja na mkia vyote katika picha moja. Kisanduku kilichofungwa juani humpika mjusi mdogo kwa dakika chache, kwa hiyo agizo la kivuli limechapishwa kwa herufi nzito na kifuniko kinatobolewa. Asishikwe mkia. Anaachiliwa palepale alipokamatwa.

Chapa ya majaribio ilifanywa katika duka moja la River Road. Mchoro wa saizi halisi ulitoka mdogo, kwa kuwa mashine iliachwa ikijipangia ukurasa uingie kwenye karatasi. Sasa kila ukurasa una mstari wa milimita 50 pembeni, na fundi anaombwa aupime kwa kalipa kabla ya kuchapa nakala zote. Ukisoma chini ya 49.5 au zaidi ya 50.5, kazi inasimama. Plastiki ya kung'aa nayo imekataliwa. Jua la Turkana likiipiga, kadi ni kioo cha kujitazamia. Tunatumia plastiki isiyong'aa ya maikroni 125, na ukingo wa milimita 5 kuzunguka karatasi, kwani ukingo mwembamba zaidi huachia kwenye pembe na vumbi huingia.

Juni: yaliyo mezani

Kadi ya Heliobolus spekii iko tayari kwa majaribio ya watu wasiojua mijusi: kila mmoja anapewa trei ya vielelezo vilivyochanganywa, Gerrhosauridae na Trachylepis wakiwemo kwa makusudi, na lebo zimefichwa. Tunaandika swali alilokwamia, si jibu alilopata tu. Mchoro wa vitundu vya paja vya jike unachorwa upya kwa ukuzaji mkubwa, kwani ule wa sasa unaonesha dume pekee. Safu ya "mkia umeota upya" inahamia upande wa mbele, juu ya rula. Inayofuata ni kadi ya Latastia longicaudata, na kwa hiyo tunahitaji kwanza vielelezo vyenye mikia kamili, ambavyo ni adimu kuliko mijusi wenyewe.